Sema unaweka ngapi: ubishi wa habari na masoko ya pointi

Hii ni hotuba niliyotoa Jumamosi mchana hapa Mtwara, maeneo ya Ligula, kuhusu soko la utabiri, yaani kubishania habari kwa kuweka pointi badala ya mdomo tu. Nimeiandika karibu kama nilivyoongea kwa ajili ya mliokosa, hasa nyie wa Lindi na Masasi mliolalamika kwenye grupu kwamba hamkuambiwa mapema. Picha za ukutani nimeziacha, na pale watu walipojibu nimeweka majibu yao.

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kaka na dada zangu, habari za mchana. Najua jua la leo lilivyo, wengine mmetoka Mikindani kwa boda na wengine mmevuka kivuko kutoka Msangamkuu, kwahiyo sitawachosha, ila ukisinzia nakuuliza swali wewe wa kwanza.

Na naanza na swali kweli. Nani hapa anaamini mkataba wa ule mradi wa kusindika gesi wa Likong'o, pale Lindi, utasainiwa kabla mwaka huu haujaisha? Nyoosheni mikono. (Mikono mingi ikanyooshwa.) Haya msishushe kwanza. Kati yenu nyie mlionyoosha, nani yuko tayari kuweka elfu hamsini hapa mezani sasa hivi, ukisainiwa unaondoka na laki, usiposainiwa imekula kwako? Mbona mikono inashuka? Kaka wa jezi ya Namungo, wewe si ulinyoosha miwili! (Kicheko.)

Ndo mada yangu hiyo. Mdomoni sote tuna uhakika, manake mdomo haulipiwi. Kijiweni mtu anakwambia "lazima", "haiwezekani", "mia kwa mia", kesho ikiwa kinyume anakwambia "si nilisema?" na hakuna wa kumbana kwasababu hakuna alipoandika. Huo mradi wenyewe angalieni: Juni 2022 makubaliano ya awali yalisainiwa Dodoma, tukashangilia. Mei 2023 ikatangazwa mazungumzo yamekamilika, tukashangilia tena, kuna waliokimbilia viwanja. 2023 ikaisha, 2024 nayo ikaisha, mkataba wenyewe ulikuwa bado haujasainiwa. Sisemi hautakuja, sina neno baya na mradi, nasema hivi: katika miaka yote hiyo, nani alitwambia kwa namba nafasi ni ngapi? Sio "karibuni". Namba.

Kuna kitu kinaitwa soko la utabiri. Ni soko ambalo bidhaa yake ni jibu la swali kuhusu habari. Uchaguzi fulani atashinda nani, bei ya kitu itafika wapi, kimbunga kitafika au hakifiki. Na mimi naongelea lile la pointi, hela za kuchezea, ambazo huwezi kununua nazo hata kiberiti. Hela halisi sitaki, nitaeleza kwanini.

Linaendaje? Sikilizeni vizuri hapa, hii ndo sehemu yenye hesabu, ikipita hii mengine ni hadithi tu.

Swali linaandikwa, lina jibu la NDIYO au HAPANA na lina tarehe ya mwisho. Kila jibu lina hisa zake. Hisa moja ya NDIYO italipwa pointi 100 ikiwa kweli imekuwa ndiyo, na italipwa sifuri ikiwa hapana. Basi. Hisa ya HAPANA ni kinyume chake. Sasa jiulize, kitu ambacho kinaweza kukupa 100 au kikupe sifuri, wewe ungekinunua kwa ngapi? Kama unaona nafasi ya kutokea ni 70 katika 100, ukikipata kwa 50 unanunua haraka, ukikikuta kwa 85 unakiacha, na tena hapo mjanja ananunua HAPANA kwa 15. Kwahiyo bei inapotulia pale 70 manake watu wote walioweka pointi zao, wanaoamini na wasioamini, wamevutana mpaka wakafika hapo. Bei ndo asilimia. Ukiona 70 soma: hawa watu kwa pamoja wanasema nafasi ni asilimia 70.

Dada mmoja hapo nyuma kaniuliza kabla hatujaanza: nikitaka kununua na hakuna anayeuza je? Swali zuri sana hilo, manake kwenye grupu la watu thelathini unaweza kukaa siku nzima husikii muuzaji. Jibu ni mashine. Kuna mchumi wa Marekani, Robin Hanson wa Chuo Kikuu cha George Mason, alitunga fomula ambayo mashine inakuwa muuzaji na mnunuzi wa kila mtu muda wote. Inaanza na bei ya 50, ukinunua NDIYO inapandisha bei kidogo kidogo, ukinunua HAPANA inashusha, na haichoki wala haigomi.

Tufanye hapa hapa. Kila mmoja wenu nimempa pointi 5,000 kwenye karatasi. Swali liko 50. Kaka wa Namungo, chukua hisa 40 za NDIYO. Zimekugharimu pointi kama 2,200, sio 2,000, kwasababu kila hisa unayochukua inasukuma bei, ulianza kununua kwa 50 ukamalizia kwa 60. Bei sasa ni 60. Mzee wangu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, hapo mbele, naona unatikisa kichwa, huamini? Haya chukua hisa 60 za HAPANA. Zimekutoka pointi kama 2,850, na bei ya NDIYO imeshuka mpaka 45. Mnaona? Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyetukanwa, na sasa hivi ukumbi wote unajua kwamba kuna ubishi na ubishi umeegemea wapi. Ikiwa ndiyo kaka anapewa 4,000, faida 1,800. Ikiwa hapana mzee anapewa 6,000, faida 3,150, na kaka anabaki na jezi yake. (Kicheko.)

Na mashine je, si inaweza kupata hasara? Inapata. Ila hasara yake ina ukomo unaojulikana tangu mwanzo, kwa kipimo nilichoweka leo haizidi pointi 7,000 hata watu wote wakipatia. Hapo ndo utamu wa pointi unapoonekana, manake hiyo hasara hakuna anayeilia.

Kitu kingine, na hiki vijana wa mkeka sikilizeni, sio lazima usubiri mwisho. Ulinunua kwa 30, habari imetoka, bei imefika 55, unauza unaondoka na faida yako hata kama mwisho jibu litakuwa hapana. Umelipwa kwa kujua mapema kuliko wenzako.

Najua mnachowaza. "Huyu katuletea kubeti kwa mlango wa nyuma." Hapana jamani. Kampuni ya kubeti ndo inapanga bei, na kwenye kila bei imeshaweka fungu lake, kwahiyo mkeka wako hata kabla haujachanika umeshakatwa. Na michezo ya kubahatisha ya hela nchi hii ina bodi yake, ina leseni yake, ina umri wake. Mimi sina leseni wala sitaki kuonekana nimekaa na ada ya mtoto wa mtu mfukoni. Ndo maana kwenye grupu letu sheria ya kwanza kabisa: pointi haziuzwi, hazinunuliwi, haziahidiwi. Siku mtu akianza kusema "nipe pointi zako elfu tano nikutumie buku mbili" siku hiyo tumeshakuwa kitu kingine, na mimi nafunga duka.

Sasa bei ikisema 70, na isitokee, soko limedanganya?

Hili ni kubwa, naomba tukae nalo. Mnakumbuka Aprili 2019? Kimbunga Kenneth. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ikasema kinakuja huku kwetu, mkoa ukatangaza watu wa mabondeni wahame, shule zikafungwa, ofisi zikafungwa, Mtwara hii ikawa kimya hata mbwa walishangaa. Tarehe 25 jioni kimbunga kikaingia Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma, na upepo wa karibu kilomita 220 kwa saa, kikaua watu na kubomoa vijiji. Sisi tukapata upepo na mvua kidogo. Kesho yake mitaani mlisema nini? Mlisema TMA waongo. Mama mmoja jirani yangu alibeba godoro mpaka kwa dada yake, akarudi nalo kichwani akitukana njia nzima. (Kicheko.)

Hivi walidanganya? Kimbunga kile kilipita jirani kabisa, kingegeuka kidogo tu leo tungekuwa tunaongea mengine. Kama wangetwambia kwa namba, labda wangesema nafasi ni 40 katika 100. Na kitu cha 40 kisipotokea kimefanya kile ambacho mara 60 kati ya 100 kinafanya. Hakuna uongo hapo.

Halafu ikaja Mei 2024, Hidaya. Tangazo likatoka, kuna waliosema "hao hao wa Kenneth". Kimbunga chenyewe kikapungua nguvu kikikaribia pwani, ila mvua ilileta kazi: barabara ya Dar ikakatika maeneo ya Somanga kule Kilwa, mabasi yakakwama siku kadhaa, mizigo ikakwama, na sisi wa kusini tukawa kama kisiwa. Mtu aliyezoea "kinakuja / hakiji" hajui afanye nini na habari kama hizi. Mtu aliyezoea namba anasema, 30 katika 100 kwa kimbunga ni kubwa, ngoja nivute mtumbwi juu.

Kwahiyo namna ya kulipima soko ni kukusanya. Chukua maswali yote ambayo bei yake ilikuwa kama 70, hesabu mangapi yalitokea. Yakiwa kama saba katika kumi, soko liko vizuri. Yakiwa matano, lina maneno mengi. Yakiwa tisa na nusu nalo lina tatizo, lilikuwa linaogopa. Swali moja halitoshi kumhukumu mtu, hata mganga wa kienyeji hupatia moja. Na hiyo ndo sababu nawaomba kwenye grupu tuweke kumbukumbu za kila swali, hata yale ya aibu.

Nawapa mfano mwingine, wakatoliki wa Ndanda mpo? Mei 2025, baada ya Papa Francis kufariki, masoko ya utabiri ya hela duniani yalikuwa yanauza swali la Papa ajaye. Kardinali Parolin ndo alikuwa juu. Robert Prevost alikuwa anauzwa karibu na 1 katika 100. Tarehe 8 Mei moshi mweupe ukatoka na aliyetoka kibarazani ni Prevost, Leo XIV. Mamilioni ya dola yalikuwa yanazunguka pale, na bado!

Kwanini? Kwasababu soko linakusanya wanachojua wachezaji. Halina jicho lingine. Wenye kujua walikuwa makardinali, wamefungiwa ndani, simu hawana. Waliobaki nje tulikuwa tunauziana uvumi. Hiki ni kipimo changu mimi kabla sijaamini bei yoyote: najiuliza, kuna mtu anayejua kitu hapa ndani, na anaweza kucheza? Swali la bei ya korosho kwenye grupu lenye makarani wa maghala na wakulima wa Newala, hiyo bei naisikiliza. Swali la Papa kwenye grupu la bodaboda wa Mtwara, tunafurahishana tu.

Haya. Kijana mmoja alinibana wiki iliyopita, akasema kaka, kama sipotezi hela kwanini nifikirie? Pointi si karatasi tu?

Hoja ya maana. Na imeshapimwa. Kuna utafiti wa 2004, wa Servan-Schreiber na wenzake, walichukua mechi 208 za msimu wa 2003 wa mpira ule wa Marekani wa kubeba mkononi, NFL, wakalinganisha masoko mawili: TradeSports la hela halisi na NewsFutures la hela za kuchezea. Lipi lilipatia zaidi? Walikuwa sawa, hakuna tofauti ya maana. Na masoko ya pointi sio kitu cha jana, Foresight Exchange lilikuwepo kwenye intaneti tangu 1994, Hollywood Stock Exchange la kutabiri mapato ya filamu tangu 1996. Leo kuna Manifold, pointi zake zinaitwa mana na mtu yeyote anafungua swali lake.

Inawezekanaje? Mimi naona hivi. Kwenye hela, anayesukuma bei ni mwenye hela, na hela yake anaweza kuwa ameirithi kwa babu yake. Kwenye pointi sote tumeanza na 5,000 zile zile, kwahiyo aliyefikisha 40,000 kazipata kwa kupatia, hakuna mlango mwingine. Anayesukuma bei sana ni yule aliyekuwa anapatia. Na heshima nayo ni hela jamani, tusidanganyane! Nyie si ndo mnatuma skrinshoti za ligi za kwenye simu saa saba usiku?

Ila masoko haya ya pointi yana magonjwa yake, sitaki kuwauzia mbuzi kwenye gunia. La kwanza ni unazi. Mnazi wa Simba ananunua Simba kwa bei yoyote, mnazi wa Yanga hivyo hivyo, anasema pointi tu bwana acha ziende. Dawa yake ni watu baridi wanaokaa pembeni wanawauzia. Kila mnazi akizidisha kuna mtu anakula. Baada ya muda mnazi kaisha pointi, kelele zake hazisukumi tena bei.

La pili ni maswali ya mbali. Ukiniambia niweke pointi kwenye swali litakalofungwa miaka mitano ijayo, pointi zangu zinalala huko wakati wenzangu wanazungusha kwenye mechi za Jumapili. Kwahiyo bei za maswali ya mbali huwa zimelala tu, usizisome kama maandiko. Na hii inagusa pia vitu vidogo: swali la kipuuzi kabisa utalikuta linauzwa 4 badala ya sifuri, kwanini? Kwasababu wa kulisahihisha inabidi afungie pointi 96 kwenye HAPANA apate faida ya 4. Nani anajisumbua? Kwahiyo mkiona kitu kiko 3, 4, msikimbie mitaani kwamba "soko linasema kinawezekana".

La tatu ni ujanja wetu huu huu. Mtu anafungua akaunti nne za laini nne, anahamisha pointi zote kwenye moja. Kwenye grupu dogo tunajuana, huko kwingine inasumbua sana.

Na la nne limenifurahisha nilipolisoma. Kampuni ya Google ilianzisha soko la ndani kwa wafanyakazi wake mwaka 2005, pointi za kuchezea, maswali ya kazi zao. Wachumi walipochambua wakakuta wafanyakazi wana matumaini makubwa mno na kampuni yao, hasa wale wageni, na wakakuta watu waliokaa karibu ofisini wananunua vitu vinavyofanana. Waliokaa karibu! Sasa hicho si kijiwe? Watu kumi wa kijiwe kimoja kwenye soko ni kama mtu mmoja mwenye midomo kumi. Kwahiyo nataka kwenye grupu letu wavuvi wa feri wawepo, walimu wawepo, mama lishe wawepo, na watu wa Nachingwea ambao kila siku wanatubishia.

Nimebakiza kitu ambacho ndo kigumu kuliko vyote, na watu hudhani ndo chepesi. Kuandika swali.

Swali la kwanza: "Je, Yanga itamfunga Simba tarehe 8 Machi 2025?" Linaonekana safi si ndio? Mnakumbuka kilichotokea. Simba wakasema wamezuiwa kufanya mazoezi uwanjani, mechi ikaahirishwa siku ile ile, watu wameshajaa Dar. Ikaja kuchezwa tarehe 25 Juni, Yanga akashinda 2-0. Sasa nijibuni, swali lile jibu lake nini? (Ukumbi ukalipuka, nusu NDIYO, nusu HAPANA, mmoja akapaza "rudisha pointi!") Mnaona? Kila mmoja yuko sahihi kwa anavyosoma yeye. Kama swali lingesema "mechi isipochezwa siku hiyo swali linafutwa na kila mtu anarudishiwa alichotoa", tusingekuwa tunagombana.

Na msidhani ni sisi waswahili tu. 2025 hiyo hiyo huko Polymarket, soko la hela nyingi kweli kweli, kulikuwa na swali kama Rais Zelenskyy wa Ukraine atavaa suti kabla ya Julai. Mwezi Juni akatokea kwenye mkutano wa NATO kule The Hague na koti jeusi. Wengine wakasema hiyo suti, wengine wakasema suti ya wapi, ligi ikapigwa siku nyingi, mwisho ikafungwa HAPANA na walioliwa mpaka leo wanalalamika. Watu wazima, hela ndefu, wanagombania koti!

Sasa tuje nyumbani. Nilileta swali la korosho, nikaliandika hivi: "Je, bei ya korosho mnada wa kwanza msimu ujao itafika 3,000?" Nikajiona nimemaliza. Mzee wangu wa AMCOS akaliangalia, akaniambia, "Mwanangu, mnada wa nani?" Kweli, vyama vikuu vya ushirika ni vingi, kuna TANECU wa Tandahimba na Newala, kuna MAMCU wa Masasi na Mtwara, kuna RUNALI, kuna Lindi Mwambao, na tarehe zao sio moja. Nikasema wa TANECU. Akasema, "Bei ya juu au ya chini?" Manake siku moja ya mnada inatoka na bei ya juu na bei ya chini. Nikasema ya juu. Akasema, "Daraja la kwanza?" Nikasema ndiyo mzee. Halafu akaniuliza lile lililonimaliza: "Bei ya mnadani, au anayoipata mkulima mkononi baada ya makato?" Jamani! Hizo ni bei mbili tofauti, na kila msimu watu wanagombana kwasababu mmoja kasikia redioni 3,000 na mwenzie kaiona kwenye simu imekuwa pungufu.

Kwahiyo swali limekuwa hivi: "Je, bei ya juu ya korosho ghafi daraja la kwanza, kabla ya makato, kwenye mnada wa kwanza wa TANECU msimu ujao, kama itakavyotangazwa na chama chenyewe, itakuwa shilingi 3,000 au zaidi kwa kilo? Mnada usipofanyika mpaka tarehe 31 Desemba, swali linafutwa." Refu, halina utamu, ila hakuna wa kulichezea. Hata ikitoka 3,000 kamili tunajua ni NDIYO, tumeandika "au zaidi".

Na hilo la kufutwa sio mbwembwe. 2018 si tuliona wenyewe? Wakulima walikataa bei za wanunuzi, minada ikasimama, Novemba serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa 3,300 na malori ya jeshi yakaja kubeba. Mtu ambaye angekuwa na swali la "bei ya mnada" msimu ule angelifunga vipi? Na msimu wa 2024 mnada wa kwanza wa TANECU bei ya juu ilipita 4,000. Ndo maana hakuna anayeweza kusimama hapa akasema "mia kwa mia".

La gesi nalo ni hivyo hivyo. "Mkataba utasainiwa", mkataba upi? Wa serikali na wawekezaji, au uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ambao kampuni zenyewe zinaufanya baadaye sana? Mwanasiasa akisema "umekamilika" inahesabika? Kwetu haihesabiki, inahesabika sahihi.

Kuna maswali ambayo sitayafungua hata mkiniomba, niseme mapema. Hatuulizi fulani atakufa lini. Hatuulizi ndoa ya mtu, mimba ya mtu, kesi ya mtoto wa jirani. Mwaka 2003 wizara ya ulinzi ya Marekani ilikuwa na mpango wa soko la kutabiri mambo ya Mashariki ya Kati, Julai maseneta Ron Wyden na Byron Dorgan wakaupinga kidete wakisema watu watakuja kubashiri ugaidi na mauaji, na mpango ukafutwa haraka sana. Wapo wasomi mpaka leo wanaosema ulionewa. Mimi niko na maseneta, angalau kwa grupu la mji mdogo kama huu ambapo unayembashiri mnakutana naye sokoni. Na hatuulizi kitu ambacho mchezaji mwenyewe anaweza kukifanya kitokee, manake siku utaweka swali "umeme utakatika Shangani Ijumaa?" utashangaa mtu kapanda nguzo. (Kicheko kirefu.)

Mzee mmoja kaniuliza mwishoni: haya mwanangu, tumecheza, tumepata bei, inatusaidia nini? Mzee wangu, mkulima mwenye korosho ghalani anataka kujua akope sasa hivi au asubiri. Mwenye basi anataka kujua barabara. Siku hizi anapata sauti za kwenye simu kumi, kila moja imeapa. Mimi nataka apate namba moja ambayo watu wameiwekea kitu, na nyuma yake kuna kumbukumbu tunaweza kuifungua tukaona namba za aina hiyo zimepatia mara ngapi. Ikiwa mbovu tutaiona ni mbovu. Sauti ya kwenye simu huwezi kuifanyia hivyo, kesho imeshafutwa.

Kwahiyo leo tunafungua maswali matatu, kila mmoja atatumiwa kwenye grupu, tumieni bando vizuri. La TANECU kama nilivyolisoma. La mkataba wa Likong'o kusainiwa kabla ya tarehe 31 Desemba, sahihi ya serikali na wawekezaji, chanzo ni tangazo la wizara ya nishati. Na la Namungo, kumaliza ligi kwenye nafasi nane za juu kwa msimamo wa bodi ya ligi, ligi isipomalizika linafutwa. Yote yanaanza na 50. Atakayefunga maswali ni mama wa duka la vifaa vya shule, yeye hachezi kabisa, ndo maana nimemwomba, na mkibishana anaamua yeye, rufaa hakuna.

Haya, simu zitoke mfukoni. Mzee wangu wa AMCOS umeshaniambia unaanza na TANECU. NDIYO au HAPANA? Na hisa ngapi?